Diploma ya chekechea na mlango wa Ujerumani: faili hukwama wapi

Tangazo la "walimu wa chekechea wanatakiwa Ujerumani" huwa la kweli nusu. Wanatakiwa, hilo halina ubishi. Tangu tarehe 1 Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata nafasi ya malezi ya mchana, na vituo hivyo, wenyewe huviita Kita, bado vinalia na upungufu wa wafanyakazi. Nusu isiyosemwa ni kwamba kazi yenyewe si ualimu wa chekechea tunaoujua sisi.

Mwenye kazi hiyo huitwa Erzieher, au Erzieherin akiwa mwanamke. Mafunzo yake kwa kawaida ni miaka 3, na humwandaa kwa mtoto mchanga, mtoto wa shule anayehitaji uangalizi baada ya masomo, na hata kijana aliye kwenye makao ya vijana. Diploma zetu za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya darasa la awali: kuandaa somo, zana, tathmini, watoto wa miaka 4 hadi 6 hivi. Kwa hiyo mtu mwenye diploma safi na uzoefu wa miaka 8 anaweza kuandikiwa barua na ofisi ya Ujerumani inayolinganisha cheti chake na cha kwao, ikisema ana mapengo. Haina maana kwamba chuo chake ni kibovu. Maana yake ni kwamba hakuna karatasi iliyoonyesha amewahi kusoma au kufanya kazi na walio chini ya miaka 3, au na vijana.

Hapo ndipo pa kuwekea nguvu. Anayepima faili hasomi jina la cheti peke yake. Anahesabu masomo na saa. Rudi chuoni uombe orodha ya masomo yenye saa za kila somo, na barua ya mafunzo kwa vitendo inayotaja umri wa watoto, idadi ya wiki na kazi ulizofanya. Barua inayosema tu "alifundisha kwa bidii" haikusaidii. Kama umewahi kulea wachanga kwenye kituo cha kulelea watoto mchana au makao ya watoto, mwajiri huyo naye aandike.

Halafu chagua jimbo. Ujerumani ina majimbo 16, na utambuzi wa cheti hiki ni kazi ya jimbo, si ya serikali kuu. Kupeleka maombi kabla ya kuamua unakwenda wapi ni kupoteza ada, ambayo mara nyingi huwa kati ya yuro 100 na 600. Walio nje ya Ujerumani wana ofisi ya ushauri wa bure, Zentrale Servicestelle Berufsanerkennung, iliyoko Bonn. Waandikie kwanza wakuelekeze ofisi husika. Vyeti hutafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Na majina yalingane: Fatma kwenye pasipoti na Fatuma kwenye cheti cha kidato cha nne ni watu wawili mpaka ulete hati ya kiapo.

Majibu huja kwa sura tatu: umetambuliwa kikamilifu, umekataliwa, au umetambuliwa kwa masharti. Hili la tatu wengi hulipokea kama msiba, kumbe ndilo la kufanyia kazi. Barua hutaja kinachopungua, nawe huziba pengo kwa kozi ya nyongeza yenye vitendo au kwa mtihani. Kuna kibali cha ukaazi cha kwenda kufanya hayo, kifungu cha 16d cha sheria yao ya ukaazi.

Kijerumani ndicho kinachokula muda kuliko yote. Ngazi zake huanzia A1 ya wanaoanza hadi C2 ya juu kabisa; kwa kazi hii majimbo mengi hutaka B2, mengine C1. Kufika B2 huchukua takriban masomo 600 hadi 800 ya dakika 45. Ukisoma masomo 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hizo ni wiki 30 hadi 40 bila kukosa. Mtihani wa B2 wa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una sehemu 4, kila moja ina alama ya kupita 60 kwa 100, na ukianguka moja unairudia hiyo tu.

Vijana wengi hupita njia ya au pair, yaani kuishi na familia ya huko ukisaidia kulea watoto. Ni halali: umri usifike miaka 27, Kijerumani A1, posho yuro 280 kwa mwezi, muda usiozidi mwaka mmoja. Ila usiihesabu kama uzoefu wa Kita. Ichukulie kama mwaka wa lugha, kisha utafute mafunzo ya miaka 3 yanayolipa huku unasoma, maarufu kwa jina la PiA.

Wakala? Kenya mtafute kwenye orodha ya National Employment Authority, Tanzania uliza ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira, kabla ya kutoa hata shilingi. Chanjo ya surua, dozi mbili, iwe na karatasi: tangu Machi 2020 Kita hairuhusiwi kumwajiri aliyezaliwa baada ya 1970 bila uthibitisho wa kinga.

Tukifika kwenye usaili, watu wazuri huanguka kwa jibu moja: "Nitawafundisha kusoma na kuhesabu." Kita si darasa. Sehemu kubwa ya siku ni mchezo huru, na mtoto hutoka nje hata mvua ikinyesha, na suruali yake ya mpira. Karibu lazima utaulizwa juu ya Eingewöhnung, yaani kumzoesha mtoto mgeni. Kwa utaratibu uitwao modeli ya Berlin, siku 3 za kwanza mzazi hukaa chumbani, haondoki. Siku ya 4 hutoka kwa muda mfupi, usiozidi nusu saa. Ukiulizwa utafanya nini mtoto akilia, usiishie kwenye "nitambembeleza". Sema kwamba asipotulia ndani ya dakika chache unamwita mzazi arudi, na hamjaribu tena kesho yake; mnampa mtoto siku kadhaa zaidi.