Lusaka: marais waliofukuzana wamelazwa uwanja mmoja

Basi walituahidi litafika Lusaka mchana, tukashushwa stendi ya Intercity usiku wa manane, miguu imevimba, kiti changu hakilali nyuma na AC ilikata kabla hata hatujafika Iringa. Ya Tunduma siyasemi, anayepita njia ile anaijua. Ila pale Nakonde, upande wa Zambia, jamaa wa kubadilisha hela alinihesabia kwacha mbele ya macho yangu haya haya, noti moja moja, na nilipokuja kuzihesabu ndani ya basi zilikuwa pungufu. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Kilichonipeleka kikaisha, hakina utamu wa kusimulia. Nikabaki na siku ya kusubiri basi, gesti yenyewe bei kama hoteli na maji ya moto hamna, nikaona bora nitoke. Nikaenda Embassy Park, Independence Avenue, ndiko wanakozika marais wao.

Ndani nikamkuta mzee mmoja kavaa koti zito na jua lile. Kusikia naongea na simu akanigeukia, "Mtanzania wewe!" Kumbe kafanya kazi reli ya TAZARA miaka mingi, kakaa sana Mbeya, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watu wengine kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akacheka, anasema siku nyingi hajaisikia. Basi hapo ndo safari yangu ilipoanza hasa, maana mzee alinishika mkono kaburi hadi kaburi na hakunyamaza.

"Huyu Kaunda," anasema, "katuongoza toka 1964, 1991 Chiluba kamtoa kwa kura, kakubali vizuri tu. Sasa sikia." Mwaka 1996 Chiluba akabadilisha katiba, mgombea urais lazima baba na mama wote wawe Wazambia, na wazazi wa Kaunda walitoka Malawi, kwa hiyo mzee wa watu kwisha habari yake. Krismasi ya 1997 wakamkamata kabisa wakamweka ndani, wakidai anahusika na jaribio la mapinduzi. Akagoma kula. Mwalimu Nyerere akasafiri mpaka gerezani kumbembeleza aache mgomo. Hapo mzee akanipiga bega, "Mwalimu wenu!", kama vile mimi ndo niliyemtuma.

Halafu tunasogea kidogo tu, kaburi la Chiluba lile pale. Naye alitaka muhula wa tatu mwaka 2001, watu wakagoma, akamsimamisha Mwanawasa akidhani ni mtu wake. Mwanawasa kaingia ikulu, mwaka huo wa kwanza tu kinga ya Chiluba ya kutoshtakiwa ikaondolewa bungeni, kesi za wizi zikaanza. Mwanawasa akafia Paris 2008, akaja Rupiah Banda, na chini ya Banda ndo Chiluba akaachiwa huru 2009. Sata naye akamshinda Banda 2011, baada ya kushindwa mara tatu, na Banda naye 2013 akavuliwa kinga! Mimi nikawa nacheka peke yangu sasa, maana wote hao watano wamelala pale pale, hawana hata pa kukimbiliana.

Kaunda mwenyewe alitaka alazwe nyumbani karibu na mke wake Betty, familia ikaenda mpaka mahakamani, serikali ikashinda, akazikwa hapa Julai 2021. Mzee hilo linamuuma. "Mtu amefungwa na mwenzake, halafu mnamlaza naye kwa nguvu?"

Sata alipofia London 2014 nchi ilishikwa kwa muda na makamu wake Guy Scott, mzungu, na hakuweza kugombea kwa sababu ya kile kile kipengele cha wazazi alichotegewa Kaunda. Akaja Lungu, enzi zake mpinzani wake Hichilema akalala ndani kwa kesi ya uhaini 2017, na 2021 Hichilema huyo huyo akamshinda, jaribio lake la sita. Lungu akafariki Juni 2025 Afrika Kusini, familia na serikali wakavutana azikwe wapi mpaka mahakama ya Pretoria. Nikamuuliza mzee nafasi ya Lungu ni ipi hapa, akaangalia nyasi, akasema twende tukatafute kivuli.

Akaniuliza, wenu wako wapi? Nikaanza kuhesabu: Mwalimu Butiama, Mkapa Lupaso kule Masasi, Magufuli Chato, Mwinyi Mangapwani Unguja. Kila mmoja kwao. Na sisi hatujawahi kuona rais mstaafu anapandishwa kizimbani kwa ajili ya mambo aliyofanya ikulu, wanapokezana kiti ndani ya chama kile kile, wanakaa mstari wa mbele kwenye sherehe. Mzee akaniambia, "Basi nyie mna amani." Nikamwambia ndiyo, halafu nikawaza barabara nzima iwapo ni amani au ni kwamba hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake kwa kura, maana Kaunda aliposhindwa 1991 alikuwa na chama chake kilichotawala miaka 27, na kikatoka.

Teksi ya kurudi ilitaka hela ya ajabu, nikatembea.