Moshi wa dawa ya mbu ndani ya kompyuta

Jana usiku mbu walituandama hapa Sakina, Arusha, nikawasha dawa ya kuchoma. Harufu ilipotanda tu, nikamkumbuka bamdogo kule Pasua, mjini Moshi, amechuchumaa mbele ya kompyuta yetu ya gemu huku ameshika kipande cha dawa hiyohiyo.

Ilikuwa Februari. Moshi ya Februari mnaijua: jua kali, masika bado, na vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Kompyuta tulichanga hela mimi na kaka, fundi mmoja wa mjini akatuunganishia. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana, mechi ikifika kipindi cha pili, picha zinaanza kukwamakwama. Programu ya kupima joto inaonyesha prosesa, ile chipu inayofanya kazi kama ubongo wa kompyuta, imefika nyuzijoto 100, na prosesa nyingi za Intel zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Mashine ilikuwa inajiokoa.

Tulibadilisha pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozaji chake, haikusaidia. Tukafungua ubavu wa kasha na kuelekezea feni ya mezani. Joto likashuka, lakini vumbi lote la Pasua likahamia humo. Fundi akasema tununue feni kubwa zaidi, na hela hatuna.

Ndipo bamdogo akapita kutusalimia.

“Shikamoo bamdogo.”

“Marahaba. Mbona mmeipasua ubavu?”

Tukamweleza. Yeye kipanya cha kompyuta hajawahi kukishika, ila majiko mengi ya kule Uru yana dohani alizojenga kwa mikono yake. Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: “Hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi?”

Kaka akajibu upesi kwamba feni mbili za mbele zinavuta na moja ya nyuma inatoa.

“Umeiona ikitoa?”

Kimya. Akaagiza dawa ya mbu.

Tukarudisha kioo cha ubavuni, tukawasha mashine, tukafunga dirisha ili upepo wa nje usituharibie. Bamdogo akasogeza dawa mbele ya kasha. Moshi ukanyooka, ukapenya kwenye wavu kama nyuzi za katani, ukapita juu ya kadi ya grafiki, ukaifikia prosesa. Hapo ukasimama. Ukaanza kujizungusha chini ya paa la kasha, ukazidi kuwa mzito, hauna pa kwenda. Tuliuona wazi kabisa kupitia kioo, na hakuna aliyesema neno. Kisha akazunguka nyuma taratibu, akaiweka dawa karibu na feni ya kutolea. Nilitegemea moshi usukumwe utupigie usoni. Ukapinda, ukaingia ndani.

Feni zote tatu zilikuwa zinavuta! Ile ya nyuma ilifungwa kinyume: upande wenye fito za plastiki zinazoshika mota, ambako hewa hutokea, uliangalia ndani. Na feni ya prosesa ilikuwa inasukuma hewa ya moto kuelekea nyuma hukohuko, zikawa zinapulizana uso kwa uso. (Mkijaribu hili, iwe kwa sekunde chache tu. Ule moshi unaacha masizi yanayonata.)

Skrubu nne, feni ikageuzwa. Kwa kuwa mashine ilikuwa imeshafunguliwa, tukaisugua vumbi kwa brashi ya rangi, kidole kikizuia mapanga ya feni yasizunguke, tukakusanya nyaya zilizokuwa zimeziba njia na kuzifunga pembeni. Kesho yake, jua lilelile, mechi ileile, prosesa ikabaki kwenye nyuzi themanini na kitu. Kipindi cha pili kikaisha bila kukwama, na kaka akanifunga.

Mpaka leo hatujaafikiana ni kipi kilichoiponya. Kaka anasema ni vumbi, kwamba mapezi ya kipoozaji yalikuwa yameziba na hewa isingepita hata feni ielekee wapi. Mimi nasema ni feni, maana nilichokiona kwenye moshi ule siwezi kukikana. Tulifanya yote jioni moja, kwa hiyo hakuna mwenye ushahidi. Tulimpelekea bamdogo atuamulie. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, “Basi igeuzeni tena muone,” akabeba majani ya ng’ombe wake akaondoka. Hakuna aliyethubutu kuigeuza.