Pointi 16 hazikutosha: Broncos na fainali ya 2023

Brisbane Broncos waliongoza 24-8 hadi dakika ya 60 ikapita, kisha wakalala 26-24 mbele ya Penrith Panthers. Ilikuwa fainali kuu ya NRL, ligi ya raga ya wachezaji 13 ya Australia, tarehe 1 Oktoba 2023 katika Accor Stadium, Sydney, na uwanjani walikuwepo watu zaidi ya 80,000. Kabla ya usiku huo hakuna timu iliyowahi kupoteza fainali kuu baada ya kuongoza kwa pointi 16. Melbourne Storm walipotoka nyuma kwa pointi 14 mwaka 1999, watu walidhani hapo ndipo mwisho wa maajabu.

Mechi hii bado inauma, hasa kwa sababu Broncos walicheza raga nzuri mno kwa sehemu kubwa ya usiku.

Wengi wakiieleza hutaja jina moja tu, Nathan Cleary, mchezeshaji wa Panthers. Ni haki yake. Nishani ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali aliipata kihalali. Lakini ukitaka kuelewa jinsi pointi 16 zinavyoyeyuka, anza na sheria ya kuanzisha mpira. Katika raga hii, timu iliyofungwa ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha tena, na iliyofunga ndiyo inayoupokea. Mwenye pointi anapewa na mpira, tofauti kabisa na soka. Anapata zamu nzima: akikabwa mara ya sita mpira akiwa nao, anaukabidhi, kwa hiyo kwa kawaida hupiga teke baada ya kukabwa mara ya tano. Wapinzani wake, waliokwisha choka kwa kulinda, wanalinda tena, na kila anapokabwa mtu wanarudi nyuma mita 10 kabla ya kusonga mbele. Miguu huisha hivyo.

Broncos wenyewe walipanda kwa ngazi hiyo hiyo. Walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 8-6. Kipindi cha pili Ezra Mam akafunga trai tatu (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) katika muda usiofika dakika 10, na Adam Reynolds akaongeza mkwaju wa goli unaofuata kila moja. Panthers hawakupata nafasi ya kuvuta pumzi. Tena walikuwa wamempoteza Jarome Luai, mchezeshaji mwenzake Cleary, kwa jeraha la bega, nafasi yake ikachukuliwa na Jack Cogger.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Luai akishatoka, Panthers wanabaki na bongo moja ya kuendesha mashambulizi. Kazi ya wale wawili wanaosimama mbele ya aliyekabwa, pamoja na mlinzi wa tatu kutoka hapo, ni kumfikia Cleary kabla hajainua kichwa, hata kama watalazimika kuacha upenyo mahali pengine. Broncos walimwachia nafasi na muda. Akapenya safu, na shambulizi hilo likamalizwa na Moses Leota, propu, yaani mchezaji mzito wa safu ya mbele. Baada ya mkwaju, 24-14.

Mpira ukarudi kwa Panthers, kama sheria inavyotaka. Kisha ikaja 40/20, ambayo kwangu ndiyo iliyovunja mechi kuliko hata trai ya mwisho. Mpigaji akiwa nyuma ya mstari wa mita 40 wa upande wake, akapiga mpira ukadunda uwanjani na kutoka nje pembeni, ndani ya mita 20 za mwisho za wapinzani, timu yake hiyo hiyo inaanza zamu mpya karibu na pale ulipotokea. Mkwaju huu hufaulu pale winga anaposimama kwenye safu ya mbele akitarajia mbio, na fulubeki, mlinzi wa mwisho nyuma, akawa upande wa pili. Dawa yake inajulikana: winga ashuke mapema, hata kabla ya mkabo wa nne, kila mpira unapoelekea kwa mpigaji hodari. Gharama ni mlinzi mmoja kupungua mbele, na ukiongoza kwa pointi 10 ni gharama unayoweza kuimudu. Cleary aliipata 40/20 yake, Stephen Crichton akafunga muda mfupi baadaye, na ubao ukasoma 24-20.

Tazama na hesabu yenyewe. Trai ni pointi 4, mkwaju wake 2. Pointi 16 maana yake Panthers walihitaji trai tatu, na mikwaju yote mitatu iingie ili washinde. Mmoja ukikosa, ni sare ya 24-24 na muda wa nyongeza wa dhahabu, ambapo anayefunga kwanza ndiye mshindi. Broncos wangeongeza dropu moja (teke la goli mpira ukidundishwa wakati mchezo unaendelea) ya pointi 1, pengo lingekuwa 17, bado chini ya 18. Penalti moja ya pointi 2 ingewafikisha 26, na mambo yale yale yaliyotokea yangeishia sare. Ndiyo maana timu inayoongoza kwa 16 haipaswi kudharau penalti iliyo mbele ya goli: mbali na pointi, maandalizi ya mpigaji yanawapa mapropu muda wa kupumua.

Trai ya tatu, zikibaki dakika kama nne, aliifunga Cleary mwenyewe, akiwapita walinzi waliokuwa hoi. Akapiga na mkwaju wake. Panthers wakatwaa kombe la tatu mfululizo, jambo lililofanywa mara ya mwisho na Parramatta Eels mwaka 1981 hadi 1983.

Broncos walikuwa hawajabeba kombe tangu 2006, na fainali ya 2015 waliipoteza 17-16 mbele ya North Queensland Cowboys katika muda wa dhahabu. Mwaka 2023 walimaliza msimu wa kawaida wakiwa na ushindi 18 na vipigo 6, sawasawa na Panthers, wakitenganishwa na tofauti ya pointi tu. Kati ya timu mbili zilizolingana hivyo, hakuna uongozi wa kuulinda kwa kukaa tu. Ungelindwa kwa kumfunga mtu mmoja kamba kwa dakika 20, na kwa winga mmoja kusimama nyuma zaidi.