Deni Lisiloonekana Biashara Street

Programu ya madeni ya lile duka la leso pale Biashara Street, Mombasa, iliandikwa kwa Microsoft Access 2007, programu ya kutunzia data katika majedwali, na mpwa wa mwenye duka, ambaye baadaye alikwenda zake Doha. Mimi niliitwa siku bibi mmoja wa Lamu, mnunuzi wa magora kwa mkopo, alipotua na risiti mkononi: nshalipa! Ripoti nayo yazidi kumdai.

“Mwanangu, mfute huyu tumalize,” Ami, mwenye duka, akaniambia.

Nimfute wapi? Ripoti nilipoifungua kwa ndani, ilikuwa ikichota kwenye jedwali liitwalo USysMadeni. Kwenye orodha ya kushoto jedwali hilo halipo. Nikabofya kulia juu ya orodha, nikaingia Navigation Options, nikatia tiki Show Hidden Objects. Wapi! Nikatia na ile ya chini yake, Show System Objects, na orodha ikafurika majina yaliyofifia yanayoanza na MSys.

Hayo ni majedwali ya Access yenyewe. MSysObjects, kwa mfano, huorodhesha kila kilichomo kwenye faili: jina, tarehe ya kuundwa, tarehe ya kubadilishwa, na namba ya aina. Jedwali la kawaida ni 1, kwiri (swali la kuchotea data) ni 5, fomu ni -32768, namba ya kutisha kwa kitu kinyonge kama fomu. Hayo ni ya kutazama, si ya kuchokora. Lakini ukilipatia jedwali lako mwenyewe jina linaloanza na USys, Access hulihesabu la mfumo na kulificha pamoja nayo, na bado waweza kulihariri. Kijana alifanya hivyo ili makarani wasiwafutie jamaa zao madeni. Akili anayo, ila angemwachia mjomba wake hata kikaratasi.

Nikalifungua USysMadeni. Bibi yumo mara mbili: mstari mmoja jina lake limetanguliwa na “Bi”, mwingine halina. Deni liko kwa huyu, malipo yameingia kwa yule.

Nikaunganisha mistari, nikapiga chapa ripoti upya. Sufuri. Ami akaisoma, akavua miwani.

“Bi mkubwa, pole sana.”

“Pole haivaliwi,” akajibu, mkono ushafika rafuni achagua leso.