Kumbukumbu ya mradi wangu: Kopo la kumi na moja halina chembe

Leo, tarehe 19 Oktoba, nimefungua kopo la kumi na moja karibu na dirisha, nikachota marhamu ya ngozi kavu ninayojipikia mwenyewe kwa ncha ya kidole, nikaisugua ndani ya kiganja, na sikuhisi chembe hata moja. Kopo hilo limekaa siku ishirini na moja chini ya bati la nyumba yangu hapa Tabora, katika majuma ambayo kipimajoto cha chumbani kimekuwa kikipanda hadi nyuzi 34 mchana na kushuka hadi 19 alfajiri, na bado marhamu ni laini kama siku niliyoimimina. Makopo kumi yaliyotangulia yalinishinda, kwa hiyo naomba niruhusiwe kuringa kidogo.

Chanzo cha yote ni miguu yangu. Hapa kwetu tumezoea kuugawa mwaka mara mbili, masika na kiangazi, kwa kuwa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili kisha hukatika. Lakini ngozi yangu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Ndani ya kiangazi kuna misimu miwili isiyofanana. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi na upepo mkavu huvuma, na miundi yangu hupauka kiasi kwamba unaweza kuandika jina lako juu yake kwa ukucha, huku visigino vikiota magaga yanayokwaruza shuka. Septemba na Oktoba ukavu unabaki uleule, ila joto huwa kali, vumbi hutawala, na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita utosini kabisa, kwa sababu tupo takribani nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Hapo miguu inaendelea kudai mafuta, ilhali mgongo na shingo vinatoka harara kwa mafuta yaleyale.

Mafuta ya mgando ya dukani yalinifaa Julai, lakini Oktoba yalinigeuza mtego wa vumbi. Safari moja ya bodaboda ilitosha kuniletea miguu ya rangi ya barabara. Losheni ya glisirini ilinifaa wakati wa masika, lakini Julai iliniacha nimekakamaa kuliko kabla ya kuipaka, kwa kuwa glisirini huvuta maji popote yalipo, na hewa isipokuwa nayo huyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe, labda uifunike kwa mafuta juu yake. Ndipo nilipoamua kutengeneza marhamu yangu mwenyewe, yenye nta ya nyuki, ambayo ningeweza kuikaza au kuilegeza kufuata msimu. Kukosa nta katika mkoa unaosifika kwa asali kama huu ingekuwa aibu. Niliinunua kwa mabonge kutoka kwa mfanyabiashara anayeileta mjini kutoka Sikonge, nikaichanganya na mafuta ya alizeti na siagi ya shea ya dukani, yaani mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, nikaipasha moto kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji. Mambo ya kujipaka ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga sitayarudia, kwani kila aliyeishi na ngozi kavu ameshayajua.

Kopo la kwanza na la pili yalikuwa mazuri kwa siku tatu. Siku ya nne zikatokea chembe ndogo nyeupe, kama semolina iliyomwagika ndani ya samli, na kila nilipojipaka nilihisi kwamba ninajisugua kwa mchanga laini. Naomba msomaji aelewe jinsi jambo dogo kama hilo linavyoweza kumkosesha mtu usingizi.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa nta. Nilidhani ina uchafu, kwa hiyo kwa ajili ya kopo la tatu niliichemsha kwenye maji, nikaichuja kwa kipande cha kanga ya zamani, nikaiacha igande juu ya maji, nikakwangua takataka za chini. Nta ilitoka ya manjano safi, yenye harufu nzuri ajabu, na chembe zikarudi siku ya nne kama kawaida. Mtuhumiwa wa pili alikuwa asali. Sote tunajua kwamba asali huganda ikawa punjepunje, nami nikaamini kwamba mabaki yake yamejificha ndani ya nta. Nilirudia kuosha nta mara tatu kwa maji ya moto kwa ajili ya kopo la nne. Chembe zikarudi.

Siku hiyo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo, yaani kuihoji chembe yenyewe. Niliing'oa moja kwa ncha ya sindano, nikaiweka katikati ya vidole viwili, nikabana bila kusugua. Ilitulia kwa muda kidogo, kisha ikayeyuka na kupotea. Nyingine niliitia kwenye kikombe cha maji ya kawaida. Haikuyeyuka, ilielea tu. Kwa hiyo haikuwa sukari ya asali, kwa kuwa sukari ingeyeyuka majini. Wala haikuwa nta, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na vidole vyangu, pamoja na hasira yote niliyokuwa nayo, havifiki huko. Kilichobaki ni shea. Siagi hiyo ina mafuta ya aina mbalimbali ndani yake, mengine hupenda kuganda mapema na mengine huchelewa, na mchanganyiko unapopoa polepole yale ya mapema hujitenga na kukusanyana kuwa punje.

Hata hivyo sikuitoa shea mara moja, kwa sababu niliipenda, na kwa sababu nilikuwa nimelipia kopo zima. Kopo la tano hadi la nane niliyapasha moto kwa muda mrefu zaidi, nikayafunika vizuri kwa taulo yapoe bila kushtuka, na kwa bidii hiyo nikayaharibu zaidi, maana punje zikakua kufikia ukubwa wa ulezi. Jibu nililikuta sakafuni. Wakati wa kumimina kopo la nane, tone moja lilidondoka juu ya sementi baridi likaganda papo hapo. Sikulifuta. Siku tano baadaye kopo lilikuwa limejaa punje, lakini lile tone, lililotoka kwenye sufuria ileile na dakika ileile, lilikuwa laini kama uso wa kigae. Nilipiga magoti pale jikoni nikalisugua kwa kidole kwa muda mrefu hata binti yangu akauliza, "Mama, umepoteza nini?"

Tatizo halikuwa nilichokipika, bali namna kilivyopoa. Kwa kopo la tisa nilitumbukiza sufuria ndogo ndani ya beseni la maji ya mtungi, nikaondoka kwenda kuangalia mboga, na niliporudi nta ilikuwa imegandia ukingoni kama ukoko huku katikati kukiwa bado mafuta matupu. Kwa kopo la kumi sikuondoka. Nilipasha hadi nyuzi 75, nikatumbukiza sufuria kwenye maji ya mtungi, nikakoroga bila kupumzika huku nikikwangua kuta, hadi mchanganyiko ukawa mzito kama uji wa mtoto, ndipo nikaumimina. Maji ya mtungi ni zana ambayo nadhani tunaidharau: mtungi hupoza kwa sababu maji yanayopenya kwenye udongo hukaushwa na hewa, na kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo yanavyozidi kuwa baridi, kwa hiyo msimu uleule unaoniharibia miguu ndio unaonipa maji bora ya kupozea. Wakati wa masika nitalazimika kutafuta barafu.

Kwa kuwa nimezigusa zana, niseme jambo moja au mawili. Mwiko mdogo wa mti unakwangua ukingo wa sufuria vizuri kuliko kijiko chochote cha chuma. Mashine ya kukorogea niliyoazima ilijaza marhamu mapovu ya hewa, na niliirudisha siku hiyohiyo. Mizani yangu ya jikoni inasoma gramu moja moja, kwa hiyo anayepima gramu 3 za nta juu yake anacheza bahati nasibu. Tangu nilipoanza kupika gramu 120 kwa mara moja, vipimo vyangu vimeacha kuyumba. Wanaopima nta kwa vijiko sina la kuwaambia.

Kopo la kumi lilikuwa laini kwa siku tisa, nami nikaanza kuandika kumbukumbu hii kwa majigambo. Siku ya kumi punje zikarudi. Nilikaa kitandani nalo mkononi nikiwa nimeduwaa. Joto la mchana chini ya bati lilikuwa likiilegeza shea kila siku, na usiku ulikuwa ukiigandisha tena polepole, yaani nyumba yangu yenyewe ilikuwa ikirudia kosa langu la taulo kila baada ya saa ishirini na nne. Mtungi ungeweza kunisaidia siku ya kupika, lakini usingeweza kulala na kopo.

Hapo ndipo nilipoitoa shea, kwa moyo mzito. Kopo la kumi na moja lina vitu viwili tu: mafuta ya alizeti, ambayo hubaki majimaji katika baridi na joto lote la Tabora, na nta, ambayo haiyeyuki kwa joto la chumbani mwangu. Katikati ya nyuzi 15 na 40 hakuna chochote ndani yake kinachoganda wala kuyeyuka, kwa hiyo mchana na usiku havina cha kukichezea. Nimetia gramu 20 za nta kwa gramu 100 za alizeti kwa msimu huu wa joto, na marhamu imekaza vizuri: unachota kidogo, unaipaka usiku kwenye miundi na visigino tu, mgongo hauguswi. Baridi itakaporudi nitapunguza nta hadi gramu 14 hivi, ili ienee kwa urahisi juu ya miguu iliyotoka kuoga. Kasoro ninayoiona ni kwamba alizeti huchacha mapema, kwa hiyo ninapika kidogo kidogo na kopo nimelihamishia kabatini. Marhamu hii haizuii jua hata chembe. Kwa hilo ninategemea mikono mirefu na mwavuli.

Nilikuwa nimepanga kuendelea moja kwa moja na maandalizi ya masika, yaani losheni nyepesi ya glisirini na dawa ya harara, na daftari langu lina kurasa mbili za mpango huo. Mpango umeahirishwa. Mwezi Julai wifi yangu aliyepo Kigoma alinitumia kwa treni dumu la mafuta ya mise, yaani ya kiini cha kokwa za mchikichi, kwa kuwa nilimwomba kitu cha kuchukua nafasi ya shea. Aliniapia kwamba ameyamimina yakiwa majimaji kama maji ya kunywa, nami nikayapokea stesheni yakiwa meupe na magumu kama mafuta ya kimbo, hata nikashindwa kuyatoa mdomoni mwa dumu. Nilipompigia simu kulalamika alicheka sana. "Wifi, hayo mbona kwetu tunapikia sabuni? Nani alikwambia ujipake?"

Nilikasirika kidogo wakati ule, lakini maneno yake hayajanitoka. Mwaka mzima nimekuwa nikipigania mafuta ya kupaka baada ya kuoga, wakati sabuni ya kipande ninayoogea, ileile ya kufulia, inayanyang'anya miguu mafuta yake kila asubuhi na jioni, Julai na Oktoba bila ubaguzi. Kwa hiyo nitapika sabuni yangu kwa mise: jana nilinunua kostiki soda ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, glavu nene na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kwa kuwa hapa kosa la gramu chache litaniunguza. Nitaacha sehemu ndogo ya mise bila kugeuka sabuni, na vipande vitakaa majuma manne rafuni kabla sijaoga navyo, ambayo ina maana kwamba mvua za kwanza zitanikuta bado nasubiri. Dumu lipo chini ya meza. Kwa joto hili mafuta yameyeyuka tena yote, na ukilisukuma kwa mguu unayasikia yakicheza ndani.