Spika zangu hazikuwa mbovu, zilikaa pabaya

Miaka miwili nzima niliambiwa spika zangu zimechoka. Fundi mmoja hapa Tabora mjini alitaka ninunue amplifaya nyingine. Wa pili alikuja hadi nyumbani Isevya, akazipandisha kwenye kona karibu na dari, "kama baa". Besi ikawa inavuma kama mashine ya kusaga, mwimbaji akapotelea huko juu. Baa wanatundika ili ukumbi mzima usikie. Sebuleni tupo mimi na mama watoto. Halafu kona ndiyo inayoikuza besi, maana kuta zinairudisha kwa pamoja. Hakuna aliyeniambia hilo, na bado linaniuma.

Kisha yakaja ya treya za mayai. Jirani aliapa kwamba ndiyo dawa. Nikakusanya treya arobaini na kitu kwa wauza chipsi, nikazianika siku mbili, nikapika gundi ya unga wa ngano, nikabandika ukuta wote nyuma ya kochi. Jumamosi nzima iliishia hapo. Jioni nawasha: besi ile ile! Treya hupunguza kidogo sauti nyembamba tu, besi inapita kama hazipo. Wiki ya pili mende wakahamia, gundi ile kwao ni chakula. Nilizibandua moja moja na rangi ya ukuta ikaja nazo.

Kilichonisaidia ni vigoda viwili vya kuwekea spika, vya mabaki ya mninga, seremala alichukua elfu thelathini na ushei. Kimo chake ni cha kufanya twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zilingane na masikio yangu. Pima ukiwa umekaa, jamani. Spika na spika mita mbili, na kutoka kila spika hadi kichwani kwangu mita mbili vilevile. Nyuma yake niliacha hatua moja hadi ukutani. Kochi nalo nikaling'oa ukutani, kwani ukiegemea ukuta besi inakujaa masikioni. Mama watoto alisema sebule imekwisha, na ni kweli. Sasa kochi linasogezwa jioni tu, alama za chaki zipo sakafuni.

Kuta tupu nilizimaliza kwa kioo cha kunyolea. Nilikaa, mwanangu akakitembeza kwenye ukuta wa pembeni kutoka usawa wa spika kuja kwangu. "Hapa, baba?" "Bado." "Hapa?" Nilipoiona spika ndani ya kioo nikamwambia, "Hapo hapo, tia alama!" Sauti inagonga pale ndipo inifikie, imechelewa kidogo, inachafua ile iliyonyooka. Tukatundika blanketi zito lililokunjwa, na upande wa pili hivyo hivyo. Kanga haitoshi, nilijaribu.

Hata hivyo besi sasa ilikuwa imetoweka. Nikaweka bendi ya Tabora Jazz, rekodi ya zamani ya mono. Mono inatoka sawasawa kwenye spika zote mbili, kwa hiyo mwimbaji lazima asimame katikati. Wangu alikuwa kila mahali na hayupo popote. Nikageuza spika ya kushoto: waya mwekundu umechomekwa kwenye tundu jeusi! Fundi aliyeniungia waya mpya tulipozishusha spika kutoka kule darini ndiye aliyeziacha hivyo, moja inasukuma, nyingine inavuta, besi zinauana. Kuzigeuza hakukuchukua hata dakika mbili.

Sauti ikaja katikati, penye ukuta mtupu, kimo cha mtu aliyekaa. Mwanangu akaenda kufunua pazia aone nani yuko nyuma.