Babu hapati ukurasa wake: kumbukumbu ya mradi wa askari

Wiki ya tisa

Wiki nzima sijaandika hata mstari. Nimekwama kwenye swali nililopaswa kulijibu kabla sijaanza: askari wa kawaida, asiye na cheo wala nishani ya ushujaa, apewe makala yake mwenyewe, au atajwe tu ndani ya makala ya kikosi chake?

Kwa wageni: naandika kamusi elezo ndogo ya askari wa Afrika Mashariki katika vita viwili vya dunia. Ni ya Kiswahili, naiandika usiku nikisharudi kazini. Mpaka leo ina makala 41, na aibu yake inaonekana upesi: wenye kurasa ndefu ni Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika vita vya kwanza, na wenzake wenye vyeo mabegani. Waliobeba bunduki na waliobeba mizigo wamo kama tarakimu.

Aliyenikwamisha ni babu.

Baba mdogo aliniletea kisanduku cha bati cha marehemu. Mlikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi kilichochanika kwenye mikunjo, picha moja, na Nyota ya Burma, medali ya vita vya pili, yenye utepe wa buluu na nyekundu uliopauka. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (nyumbani kwetu hakuna aliyesema Burma, Myanmar ya leo) pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw kwenye mvua na tope la mwaka 1944 hadi ikavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Nikaisugua nyota kwa limau na majivu, nikaigeuza. Nyuma tupu. Medali za vita vya kwanza zilichongwa jina la mwenyewe ukingoni. Nyota za vita vya pili Waingereza waliwagawia watu wao bila jina. Ukiiangusha njiani, mwokotaji hajui amrudishie nani.

Usiku uleule nikamwandikia babu makala. Asubuhi nikaisoma kwa macho makavu. Sentensi nane zilikuwa za divisheni. Ya babu ilikuwa moja: alikwenda, akarudi.

Wiki ya kumi

Nilikuwa na shughuli mjini Dar es Salaam, nikasimama mbele ya Sanamu ya Askari, pale Samora na Maktaba. Miaka yote napita pale nikiwahi daladala, sijawahi kusoma vibao vyake. Sanamu ilizinduliwa 1927. Maneno alitunga Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza, na yamewekwa kwa Kiingereza, Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu: kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nikaizunguka pande zote nne nikilitafuta jina. Hakuna hata moja. Mlinzi wa duka la jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Enzi za Wajerumani, jiji hilihili lilikuwa na sanamu ya gavana Wissmann, na chini yake askari wa shaba akimtazama bosi wake. Wissmann alijulikana jina, askari hakujulikana. Waingereza wakaja wakamwangusha Wissmann, wakamsimamisha askari peke yake juu ya jiwe. Jina bado hakupewa!

Na hili si la sanamu peke yake. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe Aprili 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina yao kwenye kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wetu wamebakiwa na soko: Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, iliyotamkwa na midomo yetu. Kila siku tunawataja tukienda kununua vitenge.

Kamusi elezo kubwa zina kanuni yao: mtu awe ameandikwa kwa kina na watu wasiohusiana naye. Ni kanuni nzuri, bila hiyo kila mmoja angemweka shemeji yake. Ila mpagazi wa 1917 angeandikwa na nani? Karani wa kambi, mara moja, kwa penseli, kwenye orodha ya posho. Kwa hiyo mizani hii, inapofika huku kwetu, inapima nani alikuwa na kalamu.

Wiki ya kumi na moja

Nimejaribu kanuni kwa watu halisi badala ya kubishana kichwani. Sajenti Nigel Leakey wa KAR, aliyepanda juu ya vifaru vya Waitalia kule Colito, Ethiopia, mwaka 1941, ana Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Anaingia bila mjadala. Waruhiu Itote alikuwa koplo tu Burma, lakini aliingia kwa mlango mwingine: porini Mlima Kenya, akiwa Jenerali China wa Mau Mau.

Aliyenibadilisha mawazo ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, pamoja na baba yake. Hana ushindi wowote vitani. Mwaka 1929 akafika Berlin, akadai mshahara wake na wa marehemu baba yake, wakamkatalia. Akawa mhudumu wa mezani, akafundisha Kiswahili, akacheza filamu. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu, na akafia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake kwenye njia ya miguu Berlin.

Tunamfahamu kwa sababu alikuwa msumbufu. Alidai, akaandika barua, akajibiwa, na majibu yakawekwa kwenye mafaili. Babu alikuwa mtiifu, akachukua nyota yake akaenda kulima.

Halafu kuna meli, Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12, ikatoweka kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa 1,297. Makala za meli hiyo zipo, zinakupa hadi tani zake. Hapo ndipo nilipopata njia: si ukurasa kwa kila mtu, ni orodha kamili ya majina ndani ya makala ya meli, kila jina na namba yake ya jeshi. Mjukuu akitafuta jina, alipate.

Makala ya babu nimeifuta. Nimemhamishia kwenye makala ya Divisheni ya 11, mstari mmoja, pamoja na wengine sita niliowapata kwa vyeti.

Jioni nilimwonyesha baba mdogo. Alisoma ule mstari, akavua miwani, akausoma tena. Nilijiandaa kulaumiwa. Akasema, "Namba ya jeshi umekosea. Hiyo ni saba, si moja." Akafungua kisanduku kunionyesha.